Aliyeliambia Boila

Mkono wa kulia wa mkuu wa pasi uliungua kwa sababu mwanamume mzima, mwenye ndevu na watoto wawili, aliona taabu kutamka neno "shemeji". Nasema hili mapema ili baadaye mtu asidai kwamba hakuambiwa. Na ukifika mwisho ukamwonea huruma huyu bwana, huruma hiyo ni yako, ibebe mwenyewe.

Kazini walimwita Fundi Boila. Palikuwa ni mahali pa kufulia nguo, lakini si kufua kwa beseni na kamba. Walifua shuka za hospitali na taulo za hoteli, magunia kwa magunia, tangu asubuhi mpaka jioni. Boila lilikaa chumba cha nyuma, pipa la chuma refu kuliko mlango, likichemsha maji na kusukuma mvuke kwenye mabomba. Bomba moja lilikwenda kwenye mashine za kufulia. Jingine lilitoboa ukuta, likapita juu ya chumba cha kukunjia taulo, likaingia chumba cha pasi na kuishia kwenye rola, lile silinda la moto ambalo shuka huingia upande huu imekunjamana kama uso wa mdaiwa na kutokea upande wa pili imenyooka.

Kazi aliijua, simnyimi haki yake. Alikuwa akisimama mlangoni, anainamisha kichwa kidogo, anasikiliza boila linavyonguruma, kisha anasema maji yamepungua, na ukienda kutazama kweli yamepungua. Masikio yake yalikuwa mazuri sana kwa chuma. Kwa binadamu yalikuwa mapambo.

Mkuu wa pasi alikuwa dada mkubwa wa mke wake, tumbo moja, na Fundi mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi pale. Mwanamke mchapakazi, mikono yake ikishika ncha mbili za shuka inaitupa kwenye rola bila kuiangalia. Ulimi wake haukuwa na breki. Mkewe Fundi, Mama Pacha, alikunja taulo katika chumba cha kati. Kwa hiyo mume alikuwa upande huu, dada upande ule, na yeye katikati na mabomba yakimpitia kichwani. Aliyejenga jengo lile hakujua anajenga nini.

Ugomvi ulianzia kwenye kikao cha Jumatatu. Siku zile mvuke ulikuwa ukichelewa kufika kwenye pasi. Sababu ni pampu ya maji ya boila, ilikuwa imechoka, na Fundi alikuwa akifika kabla ya watu wote ili aibembeleze. Hakumwambia mtu. Aliogopa meneja angesema ameshindwa kazi, basi akakaa na pampu yake kifuani. Naye mkuu wa pasi hakuuliza. Kutoka pasi mpaka kwenye boila ni kuvuka chumba kimoja, tena chumba cha mdogo wake, angeweza kupita akasema, "Shemeji, naona mvuke unachelewa, kuna nini?" Hakupita. Alingoja mpaka watu wote wakae kwenye viti, meneja ameshika kalamu, ndipo akasema, "Mvuke unachelewa kwa sababu Fundi anachelewa kuamka."

Watu wakacheka. Hapo mwenye akili angesema, "Hapana, ni pampu." Neno lenyewe halina hata uzito. Lakini Fundi alisimama, akavuta ovaroli yake vizuri begani kama mtu anayekwenda kuapishwa, akasema, "Kuanzia leo mimi na huyu mama hatujuani."

"Kwani nilikuwa nafaidi nini?" akajibu mkuu wa pasi.

Na kweli hawakujuana, mwaka ukaisha, ukaingia mwingine, na mwingine. Pampu ilitengenezwa, mvuke ukawahi, sababu ya ugomvi ikafa ikazikwa, lakini wao waliendelea kukaa matanga. Kila mmoja alijiwekea sheria moja tu, kwamba atakayeanza kusema ndiye aliyekosa. Ukiwatazama ungedhani kuna zawadi imewekwa mahali.

Sasa, kazi ya mvuke haifanyiki na mabubu. Kwa hiyo ukazaliwa utaratibu. Mvuke ukiwa tayari, Fundi alichukua spana akagonga bomba mara tatu, na kule kwenye pasi mkuu wa pasi akasikia, akafungua koki ya rola. Mengine yote yalipitia kwa Mama Pacha. Wakati wa chai walikaa meza moja, maana meza ilikuwa moja, sukari iko katikati yao, na mazungumzo yakawa hivi:

"Mama Pacha, mwambie dada yako akimaliza kazi afunge ile koki, mvuke unapotea bure."

"Mama Pacha, mwambie mumeo nina macho."

"Mwambie basi ayatumie."

"Mwambie anisogezee sukari."

Naye Mama Pacha, masikini, alikuwa akisogeza sukari. Alijifunza kupunguza makali. Akitumwa "mwambie akome", alifikisha "anaomba uangalie kidogo". Kwa ulaini wake yule mama amani ilisimama kwa mguu mmoja.

Meneja aliona. Meneja huona kila kitu kinachoweza kutibiwa kwa bango. Akabandika moja juu ya rola, herufi nyekundu: ONGEA, SIKILIZA, ELEWA. Halafu akaleta mtaalamu wa mawasiliano kazini, kijana wa suti na viatu vinavyolia, akawakalisha wote duara na kuwapa mpira. Kila mtu amrushie mwenzake huku akimwambia jambo zuri kumhusu. Mpira ulipomfikia Fundi, na aliyebaki bila kurushiwa ni mkuu wa pasi peke yake, Fundi alimrushia mkewe. "Mpe huyo," akasema, "na umwambie anakunja uso vizuri." Mkewe akaupokea, akamkabidhi dada yake. Mtaalamu akapiga makofi, akamwambia meneja kuwa timu ina ushirikiano wa hali ya juu, akalipwa, akaenda zake.

Fundi alijivunia ukimya wake. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Alijiona mtu mwenye msimamo. "Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi," alikuwa akiwaambia wafuaji, na akiona hawajashtuka anaongeza, "Kimya kingi kina mshindo." Mtu anayelinda pipa la mvuke asingecheza na methali hiyo, lakini nani amwambie, na angesikia kwa mlango gani?

Kilichovunja utaratibu ni kitu kidogo. Siku moja kwenye chai mkuu wa pasi aligundua kwamba miaka yote hiyo maneno yake yalikuwa yakifika yamepozwa. Akamgeukia mdogo wake. "Kumbe unanipunguzia? Nikikutuma jiwe wewe unapeleka pamba?" Na Fundi, badala ya kumtetea mkewe, akadakia upande wake, "Ndiyo maana huyo mama hajifunzi. Mimi namtumia onyo, yeye anapelekewa salamu." Wakamsema wote wawili. Tazama, kitu cha kwanza walichokubaliana tangu waache kujuana kilikuwa kumkemea mtu aliyewabeba.

Mama Pacha aliweka kikombe chini. "Kuanzia leo mimi nakunja taulo," akasema. "Maneno yenu yatafutieni punda mwingine."

Walidhani anatania.

Jioni moja ya wiki ile, watu wa pasi wameshaondoka, Fundi aliingia chumbani kwao kukagua bomba. Aliingia humo pale tu yule mama akiwa hayupo, hiyo nayo ilikuwa sheria. Akainama kwenye maungio ya bomba, pale pale juu ya koki ya rola, akaona gasketi imeanza kutema matone. Gasketi ni ule mpira unaoziba kati ya bomba na bomba, na ule ulikuwa umeoza, ukiubonyeza unamomonyoka. Stoo hapakuwa na mwingine. Wa kununua ungefika kesho alasiri. Mpaka hapo rola lilipaswa kukaa baridi. Mvuke mzima ukifunguliwa pale, maungio yangepasuka, na anayefungua koki huwa amesimama chini yake mkono umeinuliwa.

Yote hayo aliyajua. Alikuwa na waya mfukoni, angeweza kuifunga ile koki pale pale, mizunguko miwili mitatu, akaenda nyumbani akalala. Aliutoa waya. Akaushika. Kisha akawaza, nikifunga koki yake atasema nimeingilia idara yake. Itabidi nieleze. Nimweleze mimi? Akaurudisha waya mfukoni. Huo ndio msimamo aliokuwa akijisifia.

Asubuhi, njiani kwenda kazini, alijaribu mlango aliouzoea.

"Mama Pacha, mwambie dada yako..."

"Simwambii mtu kitu."

"Hata hujui ni nini."

"Na sitaki kujua. Wewe una mdomo, yeye ana masikio."

Neno lilikuwa limemfika kwenye meno. Gasketi imeoza, ataungua. Kama angelimaliza tu, hata kwa hasira, mkewe angekimbia mpaka kwa dada yake bila kuvaa kiatu. Lakini Fundi alikuwa ameudhika. Alikatizwa, na yeye ni mtu wa kukatizwa? Akanyamaza kama mtoto aliyenyimwa pipi, akatembea mbele hatua kadhaa ili mkewe aone mgongo wake ulivyonuna.

Kazini alizunguka. Meneja alikuwepo, lakini meneja angeuliza, "Kwa nini usimwambie mwenyewe?" Kwenye simu kulikuwa na kundi la wafanyakazi wote, linalojaa maua na heri za asubuhi, aliandika "Leo rola" akafuta, maana watu wangesema, aa, Fundi ameanza. Akaiweka simu mfukoni, kwenye mfuko ule ule wa waya.

Ndipo mkuu wa pasi akaja. Watu wote walitundika mikoba kwenye misumari ya ukumbini, mbele ya mlango wa boila. Akatundika wake, akaanza kufunga kitambaa kichwani. Fundi alipomwona alimpa mgongo, akaweka mkono juu ya boila kama mtu anayemtuliza ng'ombe, na kwa sauti ya kufika mpaka barabarani akasema:

"Sikiliza wewe boila. Leo rola la pasi halifunguliwi. Gasketi imekufa. Anayependa mkono wake asiguse ile koki."

Boila likanguruma. Nyuma yake akasikia viatu vya yule mama vikienda zake kwenye pasi, taratibu, bila haraka.

Ajabu ni kwamba alipumua. Alijisikia mwepesi, mtu aliyetimiza wajibu. Ameshasema. Masikio ya watu si kazi yake. Akachukua kopo la grisi akaenda kuhudumia pampu, na nadhani hata mluzi alipiga.

Kule kwenye pasi shuka za hospitali zilikuwa zimerundikwa mpaka dirishani, na hospitali ilizitaka kabla ya mchana. Wanawake walisimama wakingoja ile milio mitatu ya spana. Haikuja.

"Mbona leo hajagonga?" akauliza mmoja.

"Kamuulize," akasema mkuu wa pasi.

"Si wewe mkubwa wetu? Nenda wewe."

Hakwenda. Alitazama bomba, akatazama rundo, akatazama mlango. Mvuke ulikuwepo, ulionekana kwenye mashine za kufulia jinsi zilivyokuwa zikifuka. Akasogea kwenye koki, akainua mkono wa kulia, akafungua.

Mshindo ulisikika mpaka kwenye maduka ya ng'ambo.

Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye pampu. Alijua papo hapo ni nini na ni nani. Na neno la kwanza lililomtoka mtu huyu, kabla hajaliita jina la Mungu, kabla hajakimbia kufunga mvuke, lilikuwa, "Nilisema." Mama Pacha, aliyekuwa ametoka kuchukua taulo kwenye mashine, alimpita mlangoni akikimbia, taulo bado mkononi, na alilisikia neno hilo. Alimtazama mara moja tu, akaendelea kukimbia.

Baadaye, gari la hospitali likiwa limeshaondoka, Fundi bado alikuwa akilitembeza neno lile kwa wafuaji. "Nilisema, jamani. Sikio la kufa halisikii dawa." Wao walikuwa wakikusanya shuka kutoka sakafuni.

Meneja akamwita. "Ulijua ile gasketi imeoza?"

"Nilijua."

"Ulimwambia?"

"Nilisema."

"Sikukuuliza kama ulisema. Ulimwambia nani?"

Fundi akatazama viatu vyake. Mlangoni walikuwa wamesimama wanawake wawili wa pasi waliokuja kutoa ushahidi.

"Nililiambia boila," akasema.

Mmoja wa wale wanawake akacheka, kicheko kifupi kibaya, kisha akajiziba mdomo na kuanza kulia. Fundi alisimamishwa kazi mpaka uamuzi utolewe. Na meneja, kwa kuwa ameumbwa hivyo, akabandika bango jingine pembeni ya lile la kwanza: USALAMA NI MIMI NA WEWE. Lilibandikwa kwa gundi nyingi, maana ukuta ule ulikuwa bado umelowa mvuke.

Habari za hospitali zikaja kupitia kwa Mama Pacha, aliyewasimulia watoto, si mumewe. Uso umesalimika, kifua kimesalimika. Mkono wa kulia ngozi itarudi, lakini vidole viwili havitakunjika tena. Fundi alikuwa akisikiliza kutoka kwenye kochi. Alielewa maana yake kuliko daktari. Shuka hushikwa kwa vidole vile, gumba halitoshi. Yule mama alikuwa na kazi moja tu aliyoijua duniani, na alikuwa ameiacha kwenye ile koki.

Siku ya tatu Fundi alikwenda kumwona. Sitasema ni moyo. Mama Pacha alimwambia kwamba asipokwenda, yeye akirudi asimkute tena nyumbani. Akanunua machungwa, akamfuata mkewe wodini mpaka kwenye kitanda kilicho karibu na dirisha, akasimama upande wa miguu na mfuko wake.

Mkuu wa pasi alikuwa ameegemea mito, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko na kuwekwa juu ya mto wake wenyewe. Shuka aliyolalia ilikuwa imekunjamana vibaya. Fundi aliitambua kwa alama iliyoshonwa kwenye kona. Ilikuwa ya kwao, imetoka juzi, na hapakuwa na mtu wa kuinyoosha.

Alikuwa na neno moja la kusema, pole, nalo alikuja nalo tangu nyumbani, amelifanyia mazoezi njia nzima. Akafungua mdomo. Kisha akageuka akamwambia muuguzi aliyekuwa akibadilisha chupa ya dripu kitanda cha pili:

"Sista, mwambie huyo mama pole."

Muuguzi alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Anakusikia, baba. Ameungua mkono, hakuungua masikio."

Mgonjwa hakugeuza uso kutoka dirishani. "Sista," akasema, "mwambie nimesikia. Na siku ile pia nilisikia. Boila lilipokuwa likiambiwa, nilisikia kila neno."

Muuguzi akaondoka na chupa yake. Ana kazi za watu wazima za kufanya. Fundi akapiga hesabu. Kumbe alisikia. Kumbe yeye Fundi hana hatia. Akamgeukia mkewe upesi, uso umechangamka, mnyonge huyu, akachangamka mbele ya mkono ule.

"Umemsikia dada yako? Muulize basi. Kama alisikia, kwa nini alifungua?"

Mama Pacha alichukua bakuli la uji lililokuwa juu ya kabati, akachukua na kijiko.

"Ulizaneni," akasema, akaenda kuosha vyombo.

Wakabaki wawili. Fundi alitazama mlango alikopita mkewe, akatazama kitanda cha jirani, mgonjwa wake amelala. Hapakuwa na mtu wa kutumwa. Hata boila halikuwepo. Akaweka machungwa chini, akavuta kiti, akakaa, na sauti ikamtoka imekwaruza kama koki iliyokaa muda mrefu bila kufunguliwa.

"Shemeji. Kwa nini ulifungua?"

Ndipo mkuu wa pasi akageuza uso, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu kile kikao cha Jumatatu.

"Kwa sababu aliyesema usifungue ni wewe," akasema.